Imani Isiyoogopa Kipimo

Mapema mwaka 2011 barabara ya vumbi ya kwenda Samunge, wilayani Ngorongoro, ilijaa magari kuliko ilivyowahi kujaa tangu ichongwe. Mabasi, malori na Land Cruiser yalisimama kwa kilomita nyingi, watu wakilala humo na wagonjwa wao, na wenye uwezo wakifika kwa helikopta. Wote walikifuata kikombe cha mzee Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Alisema Mungu alimwonyesha kwa ndoto mti ambao wenyeji wanauita mugariga. Mizizi yake ilichemshwa, mgonjwa akanywa mara moja tu, akalipa shilingi 500. Kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu, UKIMWI: kikombe kilekile. Mawaziri na wabunge walikunywa. Makumi ya watu walifia njiani au kwenye foleni, baadhi yao wakiwa wametolewa wodini na ndugu zao, na mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wasimame kwanza wasiongezeke.

Sina mashtaka dhidi ya mzee yule. Alifariki 30 Julai 2021 na amekwisha kwenda mbele za Bwana aliyemtumikia. Ninayetaka kumzungumzia ni mama mmoja aliyekunywa kikombe kile, na hasa sisi tuliompokea aliporudi.

Alikuwa mjane, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya kuu ya kanisani kwetu, na alikuwa akimeza ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mwaka wa tatu. Nauli tulimchangia jumuiya. Alirudi amechoka, vumbi limemganda mpaka kwenye kope, lakini uso unang'aa. Ibada ya maombi iliyofuata, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alimsimamisha mbele ya watu akamuuliza, "Dada, umeponywa au hujaponywa?" Akajibu ameponywa. "Sasa vile vidonge ni vya nini tena?" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Jioni ile alilitoa kopo la dawa alilokuwa akilificha ndani ya ndoo ya unga, akavimwaga vidonge vyote chooni.

Hebu tulitazame swali lile. Lilionekana la kiroho, lakini lilimwekea mgonjwa mtego. Akisema ataendelea na dawa, amekana uponyaji wake mbele ya kanisa. Akiziacha, ametii. Hakuna aliyemuuliza daktari, wala hakuna aliyemwambia nenda kapime kwanza. Na kiongozi yule, ambaye naamini alimpenda Mungu kwa dhati, hakuwa na cha kupoteza, kwa kuwa mwili haukuwa wake.

Wiki za kwanza mama yule alijisikia vizuri kuliko mwaka mzima uliopita, na hapo ndipo wengi wanapoangamia, kwa hiyo nieleze taratibu. Baadhi ya dawa za wakati ule zilikuwa na adha zake: ndoto za kutisha, kizunguzungu cha asubuhi, ganzi miguuni. Ukiziacha, adha kama ndoto na kizunguzungu hupungua upesi, mtu akalala usingizi mzuri na kuamka mwepesi. Wakati huohuo kinga iliyojengwa na miaka ya kumeza dawa haiondoki kwa siku moja. Virusi huanza kuzaliana tena kwenye damu ndani ya wiki chache, kimyakimya, na mwili unaweza kukaa miezi kabla haujaonyesha chochote. Miezi hiyo ya kimya ndiyo iliyotoa ushuhuda. Alisimama madhabahuni zaidi ya mara moja, na kila aliposimama kulikuwa na mwingine kwenye viti vya nyuma mwenye kopo lake nyumbani, anasikiliza na kupiga hesabu.

Kikohozi kilipoanza hakumwambia mtu. Kwenye kikundi chetu kulikuwa na usemi wa usiukiri ugonjwa, maana ukiutamka umeukaribisha. Akakohoa huku kitambaa kiko mdomoni. Jasho la usiku likaja, sketi zikaanza kumlegea, akawa anazibana kwa pini. Alipoulizwa alisema ni kufunga na kuomba. Binti yake alipomwambia, "Mama, twende hospitali," alimkatalia: watu watasema nini na mimi nimeshuhudia? Haya ndiyo yanayoniuma kuliko kile kikombe. Tulikuwa tumemfanya mgonjwa aone haya kuumwa. Kanisa, mahali ambapo mtu angeweza kulia mbele ya wenzake bila woga, ndipo alipolazimika kuigiza uzima.

Alipopelekwa hospitali alikuwa habebeki bila watu wawili. Kifua kikuu kilikuwa kimeenea. Walianza kumtibu, lakini alikuwa amechelewa. Siku chache kabla hajafa, wazee wawili walikwenda wodini kumwombea, na mmoja akamsihi akumbuke kama kuna dhambi aliyoificha, maana imani haiwezi kushindwa hivihivi. Binti yake alisikia. Hajarudi kanisani mpaka leo, na mimi simlaumu.

Dhambi gani? Biblia hiyohiyo tuliyoibeba kwenda wodini inasema Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, wala hakuna neno la kumshutumu Trofimo. Inamtaja Luka, tabibu mpendwa. Inasimulia Hezekia alivyoomba kwa machozi, Mungu akasikia na kumwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na dawa ikawekwa. Na wale wakoma kumi Bwana Yesu aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutangaza nani ametakasika. Yeye mwenyewe aliyewaponya hakuona kukaguliwa kuwa tusi.

Tena tusisahau tulikotoka. Katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro ipo hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa na Herbert Watschinger, daktari mmisionari kutoka Austria. Walutheri walijenga hospitali ya Haydom miaka ya 1950 katikati ya pori. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilifunguliwa 1971 na shirika lililojiita kwa jina la Msamaria Mwema, yule aliyemfunga jeraha mwenzake na kulitia mafuta na divai. Waliojenga wodi hizo walikuwa watu wa maombi. Walipiga magoti, kisha wakanawa mikono na kuingia chumba cha upasuaji.

Ninaamini Mungu anaponya. Naamini anaweza kuponya leo usiku, bila daktari na bila mizizi. Ndiyo maana sioni sababu ya kuuogopea uponyaji wake maabara. Ila hapo pia pana mahali pa kuteleza. Mtu anayemeza dawa vizuri anaweza kupimwa wingi wa virusi akaambiwa havionekani, akakimbilia madhabahuni na karatasi. Kutoonekana kwenye kipimo hakumaanishi havipo. Vimezuiwa na vidonge anavyomeza kila siku, na akiacha vidonge, virusi vinarudi. Ashuhudie, amshukuru Mungu kwa karatasi ile, na jioni ameze dawa.

Mchungaji wetu alibadili utaratibu baada ya msiba ule. Anayeombewa anaulizwa pembeni, si mbele ya watu, kama anameza dawa zake, na akisema ameacha, mzee mmoja anaandamana naye kliniki. Hakuna ushuhuda wa uponyaji unaosemwa madhabahuni kabla daktari hajaona. Wapo waliohama kwa sababu hiyo, wakisema tumemzimisha Roho.

Na wewe unayesoma haya, kama uliacha dawa kwa sababu uliambiwa umepona, rudi kliniki. Usichomoe kopo la zamani kabatini ukaanza mwenyewe, wala usiazime za jirani. Mwambie muuguzi ukweli: uliacha lini, ulikuwa unameza zipi, umekunywa nini kingine, unakohoa au hukohoi. Wanahitaji kujua hayo ili wakupime na kuamua kama dawa zile bado zinakufaa au zibadilishwe. Ukiogopa kwenda peke yako, mtafute mtu mmoja wa kanisani kwenu unayemwamini mwende wote, na mkiwa kwenye benchi mnasubiri kuitwa, ombeni.