Ni Nani Aliyewaita Shimoni?

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 13 Januari mwaka 2024, udongo uliporomoka katika machimbo ya dhahabu ya Ng'alita, wilayani Bariadi, ukawafukia watu waliokuwa wakichimba. Hapo kwanza ilisemekana kwamba waliofukiwa ni kumi na tisa au ishirini. Walipokwisha kufukuliwa, maiti zilikuwa 22. Viongozi wa Serikali walieleza ya kuwa watu hao walikuwa wa umri wa kati ya miaka 24 na 38. Ya kuwa madini yalikuwa yamegunduliwa pale wiki mbili au tatu tu kabla ya msiba. Na ya kuwa uchimbaji ulikuwa umezuiwa, kwa sababu mvua zilikuwa nyingi na usalama wa mahali pale haujathibitishwa. Wao wakaanza kuchimba Ijumaa usiku.

Kila utokeapo msiba wa namna hii, neno moja husikika upesi: "Walikwenda kwa hiari yao." Neno hili hutuliza mioyo ya wasemao, na kesi huishia hapo. Sisi twaona kwamba kesi haijaanza.

Si kwamba neno lenyewe ni uongo. Watu wazima walikatazwa, nao hawakusikia. Na mtu mzima hawezi kuvuliwa dhamana ya matendo yake bila kuvuliwa pia heshima yake. Lakini tuulize, hiari ni kitu gani? Katika mwaka wa ukame, mtu wa Usukuma aweza kumpeleka ng'ombe wake mnadani akarudi na gunia moja la mahindi. Mnunuzi hakumpiga wala hakumwibia, walipatana. Hata hivyo wazee wetu humjua mnunuzi huyo, na hawamwiti mtu mwema. Wanajua ya kuwa mapatano ya aliyeshiba na mwenye njaa si mapatano ya watu wawili walio sawa. Papa Leo wa Kumi na Tatu alilifundisha jambo hili mwaka 1891, katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi: mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, ikiwa mfanyakazi ameukubali kwa kushurutishwa na dhiki.

Basi, ni nani awaitaye vijana wetu shimoni? Twaona waitaji watatu.

Wa kwanza ni shamba lisilotegemeka. Simiyu ni mkoa unaoongoza katika kulima pamba, lakini pamba hungoja mvua, kisha hungoja wadudu wapite, kisha hungoja bei ambayo mkulima hakuipanga. Kijana aliyemwona baba yake akingoja hivyo miaka ishirini hana subira ya kungoja naye.

Wa pili ni habari za waliofanikiwa. Aliyepata dhahabu hurudi kijijini akanunua ng'ombe na kuezeka bati, na kijiji kizima humwona. Aliyerudi na kikohozi cha vumbi la mawe hulala ndani, wala hakuna amsimuliaye sokoni.

Wa tatu ni mwenye duara. Huyu huwapa vijana chakula wakati wa kuchimba, na mawe yakipatikana, mifuko hugawanywa kwa kadiri ya mapatano yao. Mawe yasipopatikana, kijana amefanya kazi miezi mingi kwa ugali tu. Kwa namna hiyo mwenye mtaji amepoteza fedha, na mchimbaji amepoteza nguvu za mwili wake; lakini udongo ukianguka, mmoja tu ndiye aliyemo ndani.

Ndiyo maana twasema kwamba kumpata mtu wa kuingia shimoni si kazi ngumu. Dhiki humwita bila kulipwa. Kazi iliyo ngumu, tena ndiyo inayoupima moyo wa mwajiri, ni kumfanya mtu huyo abaki: abaki kazini, abaki mzima, abaki mtu.

Jambo hili si geni katika Afrika yetu. Kule Katanga, kampuni ya Union Minière ilikuwa ikichukua watu kwa mikataba ya miezi michache. Wengi walikufa kwa maradhi, wengi wakatoroka, na kila mara ikabidi kutafuta wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza njia: mikataba ya miaka mitatu, nyumba za kukaa na wake zao, posho, zahanati, na shule za watoto. Vifo vikapungua, watoro wakapungua. Hapa kuna fundisho la kwanza: mfanyakazi hubaki pale ambapo familia yake yaweza kuishi. Jirani zetu wa Mwadui wanalijua hilo, kwa maana kandokando ya mgodi wa almasi aliougundua John Williamson mwaka 1940 ulikua mji wenye nyumba, shule na hospitali.

Lakini Katanga ina fundisho la pili, nalo ni chungu. Mwezi wa Desemba mwaka 1941 wafanyakazi hao waliotunzwa vizuri waligoma wakidai nyongeza ya ujira, kwa kuwa vita ilikuwa imepandisha bei za vitu. Huko Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, askari waliwapiga risasi, na watu wengi wakafa. Tazama basi: walipewa nyumba, lakini hawakupewa sauti. Mtu humtunza punda wake ili mzigo ufike. Na anayemtunza mfanyakazi kwa nia hiyo tu hujidhihirisha siku ile mfanyakazi anapofungua kinywa.

Wasukuma hawana haja ya kwenda Katanga kujifunza namna ya kuwakusanya watu kazini. Katika bugobogobo vijana hulima pamoja, majembe yakipanda na kushuka kwa mlio wa ngoma. Kazi ni nzito na jua ni kali, lakini watu huja, tena hurudi. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja anajulikana kwa jina, na akikosekana ataulizwa. Hilo "ataulizwa" ndilo linalokosekana katika mashimo mengi.

Fikirini jambo hili. Tangu mwaka 1979 pamekuwa na sheria nyingi za madini, na tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini nchini, ambako dhahabu hupimwa kwa gramu na kuandikwa, na Serikali hupata mrabaha wake. Ni mpango mzuri. Lakini ikiwa gramu moja ya dhahabu ina daftari lake, mbona yule aliyeichimba hana? Kule Ng'alita idadi ya waliofukiwa haikujulikana mpaka maiti zilipohesabiwa. Sheria ya mwaka 2008 imeweka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini mjane wa mtu asiye na mkataba, wala jina katika kitabu cha mtu yeyote, atadai kwa nani?

Wengine watatujibu: "Mwenye duara naye ni maskini. Mkimdai matimba imara, mikataba na bima, atafunga shimo, na vijana watakufa njaa." Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini gharama isiyolipwa na mwenye duara haikutoweka. Imehamishiwa kwa mama mzee na watoto wa marehemu, walio maskini kuliko yeye. Ikiwa yeye peke yake hawezi kuibeba, basi na waibebe pamoja naye wote wanaokula dhahabu ile: mwenye leseni, mnunuzi, na Serikali ipokeayo mrabaha. Mhenga alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakusema amwinamishe mwenzake.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Anayefaidi jasho la mtu amekwisha kumwita, hata kama hakutamka neno. Na anayemwita mtu mahali pa hatari amechukua dhamana ya uhai wake. Mwenye machimbo anayelalamika kwamba vijana hawakai, ajiulize kwanza kama angemweka mwanawe katika shimo lile lile, kwa malipo yale yale.

Nanyi wazazi, kijana wenu akiaga kwenda machimboni, msimuulize tu ataleta nini. Muulizeni: Huko uendako, ni nani ameandika jina lako? Na mvua ikinyesha, ni nani atakayekuambia utoke? Akikosa jibu, mzuieni mlangoni.