Majina Yaliyobaki

Kwa Wakonzo wa Kasese, Uganda, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: wavulana Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, wasichana Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Ukivuka mpaka wa Mpondwe, Wanande wa Kongo nao wana Kambale, Kasereka na Kakule wao. Basi mama akisema amemaliza kuzaa, majina yanayofuata hubaki bila wenyewe, na ndugu huyaulizia.

Huyaulizia zaidi msibani. Mama mkubwa aliyekulea amezikwa jana, leo shangazi anakunong'oneza uzae mwingine azibe pengo. Jamani, mtoto mchanga asibebeshwe pengo hilo! Mama aliyekubeba mgongoni mpaka shamba la kahawa, akauza pamba upate karo, anastahili kuliliwa yeye mwenyewe, hata kwa miezi. Habari za uzazi wa mpango zungumza na mumeo, mwende pamoja kwa mkunga, lakini si wiki ya matanga.

Watoto mlio nao wana maswali yao juu ya marehemu: bibi aliuza nini sokoni Mpondwe, obundu, ugali wa muhogo, aliusongaje, na nani alimwogopa.