Vifundo vya Vidole

Binti wa dada yangu ni msusi, Temeke. Mkono wake mwepesi, mistari yake imenyooka, na wateja humsubiri hata giza likiingia. Kwenye simu hayo hayakuonekana. Ulionekana uso, na uso huo hakuupenda.

"Mamdogo, hebu ona pua yangu," aliniambia siku moja, akinionyesha selfi. Nikatazama. Kweli, ilikuwa pana kuliko pua niliyoifuta kamasi miaka na miaka.

Kosa halikuwa la pua. Simu ikiwa sentimita 30 tu kutoka usoni, kilicho karibu na lenzi hutanuka. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu, wakaona kwa umbali huo pua huonekana imetanuka kwa takribani asilimia 30; ukirudi nyuma mita moja na nusu, dosari hiyo karibu yote inaisha. Mafundi wa picha za paspoti hawakuhitaji utafiti, wao hurudi hatua mbili nyuma ndipo wapige. Basi simu inakuumbua kwanza, kisha inakupa dawa: filta. Gusa hapa, pua inachongoka, ngozi inang'aa kama yai lililomenywa.

Laiki zikamiminika. Shida ilikuja mchana, maana mchana hauna filta, na saluni ina vioo kila upande. Ndipo mkorogo wa kujichubua ukaingia, kikopo kisicho na lebo kutoka kwa mama wa mtaa wa pili. Kina nini ndani, sidhani kama hata mchanganyaji anajua. Baadhi ya mikorogo ina zebaki, nayo haiishii kwenye ngozi, inafika hadi kwenye figo. Nilimwambia. Akanijibu kwa adabu zote, "Sawa, mamdogo," akaendelea kupaka.

Usiku alikuwa na shughuli nyingine, niliyokuja kuijua baadaye kutoka kinywani mwake. Alifungua akaunti ya jina la uongo, picha ya ua, akawa anazungukia kurasa za mabinti waliomzidi wafuasi. Mmoja wao alikuwa amejichubua, ila vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, kama inavyowatokea wengi. Chini ya picha yake binti yetu akaandika ule utani wa mtaani: uso Fanta, vidole Coca-Cola. Watu walivunjika mbavu. Kamenti ile ilipata laiki nyingi kuliko picha yoyote aliyowahi kuweka, na nadhani hapo ndipo alipoonja kitu kitamu kuliko kusifiwa.

Miezi minne ikapita. Uso ulikuwa umekubali dawa, vidole vikakataa. Na vidole vya msusi kutwa nzima vinapita mbele ya macho ya mteja, kiooni.

Jumamosi moja nilikuwepo, nangoja zamu yangu. Mteja aliyekuwa akisukwa alitoa simu kumwonyesha mwenzake kichekesho, akakisoma kwa sauti: uso Fanta, vidole Coca-Cola. Saluni nzima ikaangua kicheko. Kisha mmoja akatupa jicho kwenye kioo, akaiona mikono, akanyamaza. Wa pili akanyamaza. Akabaki binti yetu anacheka peke yake, vidole bado viko kichwani kwa mteja.

Mkorogo ameacha. Kamenti ile bado ipo. Angependa kuifuta, ila nenosiri la akaunti amelisahau.