Mgeni Siku Mbili

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuliukariri msemo huu shule ya msingi, tukauchomeka kwenye kila insha ili mwalimu atupe alama, kisha tukausahau. Mimi umenirudia ukubwani, tena umenirudia kwa njia ya kompyuta. Swali lililonikaa kooni ni hili: mgeni akipewa ruhusa kwa maandishi kwamba akae siku zote atakazo na asishike jembe hata siku moja, je, akikaa hivyo anatenda haki?

Usicheke kwanza, msomaji. Hebu nikusimulie.

Kwetu ni Mwika, upande wa Vunjo, kwenye migomba na kahawa. Mimi naishi Moshi mjini, ninaandika programu za maduka na za vikundi vya kuweka na kukopa. Lugha ninayoandikia inaitwa Python. Mwaka 2015 nilimwandikia babu programu ndogo ya kupanga zamu za mfongo. Kwa asiyetoka kwetu, mfongo ni mfereji unaochepusha maji kutoka mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima, bila pampu wala injini, hadi kwenye vihamba vya watu. Wazee walichimba mifongo hiyo kabla Mjerumani hajafika. Ukoo ulioanzisha mfongo ndio uliousimamia, na kila anayepata maji alikuwa na wajibu wa kutoka na jembe siku ya kazi: kuzibua, kuondoa tope, kujenga upya banio likibomolewa na mafuriko. Asiyetoka alitozwa faini. Akikaidi, zamu yake ilirukwa.

Basi, kila mwezi nilichapa orodha ya zamu, babu akaibandika kwenye mti. Alifurahi sana, akawa anawaambia wenzake kwamba mjukuu wake kaajiri karani asiyekunywa mbege. Mwaka 2020 nikabadilisha kompyuta. Karani akagoma. Nilikuwa nimemwandika kwa Python 2, na mashine mpya ilikuwa na Python 3 tu. Mistari niliyoandika zamani ya kuchapa maneno kwenye skrini ilikosa mabano ambayo toleo jipya linayadai. Babu akarudia daftari lake la zamani, na mimi nikapanda Mwika kuomba radhi.

"Hao waliobadilisha," akaniuliza, "walimuuliza nani?"

Nikamweleza. Python ilianzishwa na Mholanzi mmoja, Guido van Rossum. Alianza kuiandika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989 huko Amsterdam, akaitoa kwa watu mwaka 1991. Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008, na kwa makusudi halikuelewana na yaliyotangulia, kwa sababu kulikuwa na makosa ya zamani yasiyorekebishika bila kuvunja kitu. Toleo la 2 walipanga kuacha kulihudumia mwaka 2015, wakaona watu bado wako nyuma, wakasogeza tarehe hadi Januari 1, 2020.

Babu akahesabu kwa vidole. "Kutoka 2008 mpaka 2020. Miaka kumi na moja na ushee wanakupigia mbiu, na wewe umelala?"

Nikanyamaza. Kweli, mwaka 2015 nilipoandika programu ile, mbiu ilikuwa imeshapigwa zamani. Niliandika nilivyozoea tu.

"Na huyo Mholanzi bado ndiye mwenye mfongo?"

Hapo nikafurahi, maana hadithi hiyo naipenda. Kwa miaka mingi Guido alikuwa na neno la mwisho katika kila ubishi. Wenzake walimpa cheo cha utani, dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya alama moja mpya ya kuandikia, alichoka, akajiuzulu. Akakataa kuteua mrithi. Akawaachia wenzake wajiamulie wenyewe watakavyoongozwa. Wale wanaoiandika Python yenyewe wakaandika mapendekezo kadhaa, wakapiga kura, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu watano. Baraza hilo huchaguliwa upya kila baada ya toleo kuu, na tangu 2020 toleo kuu hutoka kila mwaka mwezi wa Oktoba. Tena kuna kanuni kwamba wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja.

"Wasitoke ukoo mmoja," babu akasema. "Wana akili hao." Akanyamaza kidogo. "Na wewe siku ya kazi yao unatoka lini?"

Nikamwambia hakuna siku ya kazi, babu. Ni bure. Leseni yenyewe inasema: chukua, tumia, badili, hata uuze na ufiche ulichokiandika, mradi uache tangazo la hakimiliki mahali pake na utaje kwa ufupi ulichobadili. Hakuna faini, hakuna kurukwa zamu.

"Yaani unakunywa maji miaka yote hiyo na hujawahi kutoka na jembe?"

"Sheria inaruhusu, babu."

"Sikukuuliza sheria."

Jamani, nilishuka mlimani siku hiyo nikiwa mdogo kama sisimizi. Kwa sababu babu hakujua jambo moja ambalo mimi nilikuwa nalijua. Mwaka uliotangulia niligundua kosa katika maktaba moja ya programu, kazi ya watu wa kujitolea, ambayo nilikuwa naitumia kuhesabu mikopo. Ilikuwa inakosea tarehe za mwisho wa mwezi. Mkopo uliochukuliwa tarehe 31, ikifika Februari, hesabu inavurugika, na mkopaji anaweza kuonekana kachelewa wakati hajachelewa. Nilikesha siku mbili nikaliona kosa, nikalirekebisha kwenye nakala yangu, nikanyamaza. Maktaba ile nayo ilikuwa na leseni ya aina ileile. Hakuna aliyenidai.

Kwa nini nilinyamaza? Washikaji niliwaambia sikuwa na muda. Uongo. Nilijua kuna vijana wengine mjini wanaouza programu kama zangu, nikafikiri kwamba kama nao wanaitumia, acha wahangaike, wateja watakuja kwangu. Sikumfikiria mama wa sokoni ambaye daftari la kikundi lilikuwa linamwandika mdaiwa sugu kwa kosa ambalo mimi nilikuwa na dawa yake mfukoni.

Wako watakaosema tatizo ni leseni. Mmarekani Richard Stallman aliliona hili mapema, na mwaka 1989 akatoa leseni iitwayo GPL: ukiibadili programu na ukaisambaza, lazima utoe na msimbo wako kwa masharti yaleyale uliyopewa. Hiyo inafanana zaidi na mfongo wetu, maana huwezi kuchepusha maji ukajenga ukuta. Lakini hata GPL isingenibana mimi. Niliyerekebisha kwa matumizi yangu mwenyewe na kukaa kimya, haikunilazimisha kumwambia mtu. Na hapo ndipo niliposhikwa. Nilikuwa nimejificha nyuma ya leseni kana kwamba kuruhusiwa ndiyo kutenda haki. Mwenye kitu anapoamua kutokukudai, ameondoa deni la mahakamani tu. Lile jingine hawezi kuliondoa, kwa sababu si yeye pekee anayekudai. Anakudai na yule wa chini ya mfereji anayesubiri maji yapite kwako yafike kwake.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza babu Krismasi iliyofuata, tukiwa tumekaa nje, mbege ikizunguka. Nilidhani nimeongea la maana. Bibi alikuwa anamenya ndizi, akacheka.

"Ninyi wanaume mnaongea habari za mfongo kama vile ulikuwa wa haki," akasema. "Mimi nimechota maji hayo tangu nimeolewa. Nimemwagilia mbegu, nimenywesha ng'ombe, nimewapikia ninyi siku za kazi. Kwenye kikao cha mfongo nani aliniita? Tuliambiwa mwanamke hata kwenye banio asisogee. Sasa leo mtu akiniambia sijatoka na jembe, nitamjibuje?"

Babu akatazama kikombe chake. Kweli ilikuwa hivyo. Mila iliwafungia wanawake nje ya usimamizi wa mfongo, ingawa wao ndio waliokuwa wakiyabeba maji.

Nimelitafakari sana neno la bibi, maana linakata pande zote mbili. Wanaoamua mambo ya Python hukubaliana kwa Kiingereza, kwenye majadiliano marefu yanayomtaka mtu awe na umeme, vifurushi na mshahara unaomlipa huku akijitolea. Kura ya baraza hupigwa na wale waliokwisha kukubaliwa ndani. Novemba 2023 ulifanyika Zanzibar mkutano wa DjangoCon Africa, wa watumiaji wa Django, chombo cha kujengea tovuti kilichoandikwa kwa Python. Ombi la msaada wa fedha kwa Python Software Foundation, taasisi ya Marekani inayoshika hakimiliki ya Python, lilizua mvutano mrefu, yakiwemo maswali juu ya usalama wa baadhi ya washiriki chini ya sheria za nchi yetu. Wanajumuiya wa Afrika wakaandika barua ya wazi wakilalamikia jinsi walivyoshughulikiwa. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Ninachokiona ni kwamba mfongo unaweza kuwa wazi kwa kila mwenye kiu, na kikao chake kikawa mbali sana na baadhi yao.

Je, hilo linanifutia deni? Nilitamani liwe hivyo, ingekuwa rahisi. Lakini bibi hakuacha kupika kwa sababu hakuitwa kikaoni. Alifanya kazi na alidai kuitwa, vyote viwili, na anadai mpaka leo. Mimi nilikuwa na kauli tayari, kwamba sikuitwa, na nilikuwa naitumia kufunika kosa ambalo halikuhitaji kikao. Kutuma marekebisho ya mistari tisa hakuhitaji viza wala nauli ya ndege. Aliyekatazwa kusogelea banio na aliyekaa kitandani siku ya kazi hawako sawa, hata kama wote wawili hawakuonekana mtoni. Mimi nilikuwa wa kitandani.

Ndugu zangu mnaoandika, sijaleta mambo haya humu kwa sababu nataka mjifunze kompyuta. Nimeyaleta kwa kuwa nasi tunatumia Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeitunga. Kina baraza lake, BAKITA, tangu 1967, na tunajua kulicheka likitangaza neno jipya ambalo ulimi wetu hauliwezi. Swali la babu ninawaachia na ninyi.

Mimi nimelijibu nusu. Januari niliandika barua kwa wenye maktaba ile, kwa Kiingereza cha kuunga-unga, nikaambatanisha ile mistari tisa na kukiri kwamba nimekaa nayo muda mrefu. Baada ya siku nne nikajibiwa na mtu nisiyemjua. Alinishukuru, akaniambia niongeze jaribio la kuthibitisha kwamba Februari ya mwaka mrefu nayo inahesabiwa sawa. Sijalimaliza. Programu ya babu nayo nimeiandika upya kwa toleo la 3, na orodha ya mwezi huu imechapwa. Jumamosi ni siku ya kazi ya mfongo, na jina langu limo. La bibi nimeliingiza pia, kwenye safu ya wajumbe. Babu ameliona, na bado hajasema kitu.