Mchezo wa Maji na Haki ya Mwenye Kisima

Tumeulizwa katika darasa yetu swali ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, na kwa ndani yake si dogo hata kidogo. Muulizaji asema: siku hizi wako katika sisi watu waliokunjuliwa riziki, ambao wakipata likizo huwachukua jamaa zao wakapanda ndege kwenda Bali, au Phuket, au Kuala Lumpur, na huko, katika mambo wayapendayo watoto kuliko yote, ni viwanja vya michezo ya maji. Mtu hulipa kiingilio, akapanda ngazi mpaka juu ya mnara, akakaa juu ya boya la mpira, akaporomoka katika mfereji wenye kupinda-pinda mpaka akaangukia bwawani. Kisha huirudia ngazi akapanda tena. Je, yafaa kuyatumia maji hivi, hali huko huko aendako wako wenyeji ambao visima vyao vimekauka au vimeingia chumvi?

Twapenda kulijibu swali hili kwa taratibu, kwani tumeona wengi hulijibu kwa haraka, nao ni makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kuwa mchezo wote ni upuuzi, na upuuzi hauna haki juu ya tone moja la maji. Kundi la pili lasema: nimelipa fedha yangu, yaliyobaki si juu yangu.

Ama hao wa kwanza, hatuko pamoja nao. Kucheza na maji hakukuletwa na wageni. Aliyepita ufuoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa wakati wa maji kujaa, au penye gati la Lamu, amewaona vijana wakijitupa baharini mmoja baada ya mmoja, wala hatujamsikia mzee mwenye akili akilia kwa hayo, illa kwa kuchelea mtoto asije akaumia. Kicheko cha mtoto aliyeogopa kisha akaishinda hofu yake si kitu cha kudharauliwa. Na baba ambaye mwaka mzima watoto wake hawamjui ila kwa sauti ya mlango alfajiri, akipata siku moja ya kuteremka pamoja nao wote wakipiga kelele, hatuwezi kusema kuwa siku hiyo imepotea. (Yuko atakayetutaka tuseme juu ya mavazi. Jambo hilo lina mahali pake, na katika Malaysia wanawake wa Kiislamu huingia viwanjani humo na nguo za kuogelea zenye kusitiri mwili mzima. Basi tusilifanye ndilo maswala yote, likatufunika lile tuliloulizwa.)

Viwanja vyenyewe si vya zamani. Kile kihesabiwacho kuwa ndicho cha kwanza, Wet 'n Wild, kilifunguliwa na George Millay mjini Orlando, Marekani, mwaka 1977, na kikafungwa mwisho wa mwaka 2016. Asia ya Kusini Mashariki haikukawia kuiga: Suan Siam ya Bangkok ilifunguliwa mwaka 1980, na katika mwaka mmoja wa 1993 vikafunguliwa viwili vilivyo mashuhuri mpaka leo, Sunway Lagoon karibu na Kuala Lumpur, na Waterbom huko Kuta, katika kisiwa cha Bali.

Mtu akivitazama kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mto mzima wamwagwa bure. Si hivyo. Pampu huyanyanyua maji kutoka hodhi la chini mpaka juu ya mnara. Kule juu hufunguliwa yakatanda juu ya mfereji kama utando mwembamba, kadiri ya kuufanya uteleze. Yakifika chini hupita katika machujio ya mchanga, yakatiwa klorini, yakarudishwa juu. Hata yale mawimbi ya bwawani mara nyingi hufanywa kwa pumzi tu: hewa husukumwa ndani ya vyumba vilivyo nyuma ya ukuta, nayo ikayasukuma maji. Kwa hiyo maji aliyoteremkia mtoto wako leo, sehemu yake kubwa ni yale yale waliyoteremkia watoto wa jana. Yapoteayo ni yale yapaayo kwa jua, na yale yarushwayo nje na miili ya watu, na yale yanayooshea machujio.

Sasa na tumfuate mtu huyo jioni arudipo kupumzika. Amepanga nyumba yenye bwawa lake peke yake, ambalo jamaa yake watu wanne wataliingia nusu saa. Ataoga ili kuiondoa klorini, na alikwisha kuoga asubuhi. Mataulo aliyoyatupa chini yatafuliwa na kesho yataletwa mengine. Majani ya bustani mbele ya mlango wake humwagiliwa yabaki kijani katikati ya kiangazi. Mambo hayo hayana mnara wala makelele, na kwa hiyo hayamwulizi mtu chochote moyoni mwake. Lakini jua halihesabu vichwa. Hunyonya kwa kadiri ya upana wa maji yaliyo wazi. Bwawa moja lililotumiwa na watu elfu, na mabwawa mia mbili na hamsini ya watu wanne wanne, ni lipi lenye kula zaidi? Twaona basi kuwa aliyeshitakiwa mbele yetu si yeye mkosaji mkubwa. Dhamiri ya mwanadamu hushituka kwa kile akionacho kikirukaruka, ikalala juu ya kile kipitacho katika bomba ndani ya ukuta.

Wala hatusemi haya ili kumfariji mtu. Twasema ili swali liwekwe mahali pake, na mahali pake ni kisima.

Bali ni kisiwa cha watu zaidi ya milioni 4, na katika mwaka 2024 wageni wa nchi za nje waliofika huko walizidi milioni 6. Kiangazi chao ni tangu Aprili hata Oktoba, na wageni huwa wengi mno Julai na Agosti, yaani wakati mbingu zimefungwa. Hoteli zimesongamana upande wa kusini, na huko Nusa Dua zilijengwa kubwa kubwa juu ya rasi ya Bukit, ambayo ni jabali la chokaa, nchi kavu kwa tabia yake. Maji yasipotosha ya bomba huchimbwa. Na mwenye mashine ya kuchimba mbali huyateremsha maji ya jirani asiye na ila kamba na ndoo. Mwaka 2012 mtaalamu wa utalii Stroma Cole aliandika juu ya jambo hili, akaeleza jinsi maji ya chini ya ardhi yanavyoshuka, na bahari inavyopenya kuingia mahali yalipotoka, na jinsi mzigo unavyowaangukia wenyeji wasio na uwezo wa kuchimba tena.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya kisima kilichoingia chumvi. Wala hatuhitaji kuelezwa mkokoteni wa mitungi ya maji upitao mlangoni kwa bei ipandayo kila mabomba yakinyamaza.

Lakini kisiwa hicho hicho kina jambo ambalo lau wageni wangelijua, wangelitazama kabla ya kwenda kuuona mnara. Wakulima wake wa mpunga, ambao wengi wao ni Wahindu, na dini yao wenyewe waliwahi kuiita dini ya maji matakatifu, wana vyama vya umwagiliaji viitwavyo subak. Vina umri wa zaidi ya miaka elfu, na mwaka 2012 UNESCO iliandika mandhari ya subak katika urithi wa ulimwengu. Maji hushuka kutoka maziwa ya mlimani, yakapita mifereji na mahandaki, na penye kila mgawanyo wa maana pana hekalu ambapo wakulima hukutana kupatana nani apande lini na nani apumzishe shamba lini.

Mtu atauliza, na ni swali zuri: mwenye shamba la juu, ambaye maji humfikia kwanza, ana haja gani ya kupatana na wa chini? Kwa nini asiyachukue yote? Mwanachuoni wa Kimarekani, Stephen Lansing, aliyekaa miaka mingi akilichungua jambo hili, alitoa jibu ambalo limetukaa sana. Wa juu ana maji, lakini panya na wadudu wa mpunga hawajui mpaka. Mashamba yote yakipumzishwa pamoja, wadudu hukosa chakula wakafa. Kila mtu akipanda kwa wakati wake, huhama kutoka shamba hata shamba mwaka mzima. Na wa chini hawezi kupanda pamoja na wa juu kama hakuachiwa maji. Basi wa juu humpa jirani yake maji, na jirani humpa salama ya mpunga wake. Katika miaka ya 1970 serikali ilipowahimiza wakulima kupanda mbegu mpya mfululizo bila ya kungoja zamu za mahekalu, wadudu walienea na maji yakagombewa, mpaka wakubwa wenyewe baadaye wakakiri kuwa utaratibu wa kale ulikuwa na kazi.

Hapa, ewe msomaji, ndipo lilipo jambo lenyewe. Mgeni ni mtu wa juu ya mfereji asiye na shamba. Maji humfikia kwanza, kwani fedha yake humtanguliza. Na hakuna panya wala mdudu atakayemrudishia alilolifanya. Baada ya siku kumi yuko uwanja wa ndege. Kisima kikiingia chumvi mwezi wa Septemba yeye yuko Nairobi, picha zake zimekwisha kutazamwa. Kila kilichomfunga yule mkulima kwa jirani yake hakimfungi yeye. Ndipo tusemapo kuwa haki ya jirani hupimwa kwa mtu wa namna hii, kwani aliyefungwa na haja atatenda haki hata kama hana haki moyoni. Anayepita, ambaye hapana wa kumdai, ndiye ajulikanaye ana nini ndani yake.

Na hapa ndipo maneno ya kundi la pili yanapoanguka. Asemaye "nimelipa", na atwambie amemlipa nani. Amemlipa mwenye mnara na mwenye nyumba ya kupanga. Mwenye kisima hakuwapo katika mapatano yao, wala hakuulizwa bei. Wanazuoni wa fiqhi walipozipanga haki za maji waliitanguliza haki ya kiu mbele ya haki ya kumwagilia. Na ikiwa shamba lenyewe, ambalo ndilo chakula cha watu, hungoja nyuma ya mwenye kiu, majani ya bustani ya mgeni yatasimama wapi?

Hatusemi kuwa hukumu ni moja kila mahali. Sunway Lagoon ilijengwa katika shimo lililoachwa na wachimbaji wa bati. Malaysia ilikuwa ikiongoza ulimwengu kwa bati, na bei ilipoanguka mwaka 1985 machimbo mengi yalibaki makovu yasiyofaa kitu. Na nchi ile hupata mvua katika sehemu kubwa ya mwaka. Aliyeligeuza kovu kuwa mahali watoto wachekapo, mahali mvua si haba, hatuwezi kumweka fungu moja na achimbaye kisima kirefu juu ya jabali kavu mwezi wa Agosti. Mchezo ni ule ule na boya ni lile lile. Kilichobadilika ni aliye upande wa chini wa mfereji.

Mwenzetu mmoja katika darasa alisema: ikiwa ni hivyo, mtu asiende kabisa. Hilo nalo tumelipinga. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoifunga milango ya Bali, watu wengi sana walikosa kazi, na baadhi yao wakarudi kulima na kupanda mwani kama wafanyavyo jamaa zetu wa Gazi na Kibuyuni. Watu wale hawakushangilia kuwa wageni hawaji. Mwenzetu huyo hakutukubalia. Alisema kuwa mwenye njaa hushukuru hata kwa kile kinachomdhuru, na kushukuru kwake si ushahidi. Maneno yake yana uzito, wala hatudai kuwa tumeyamaliza.

Lililobaki ni la nyumba kwa nyumba. Atakaye kwenda na aende, na watoto wapande mnara mpaka wachoke, kwani maji ya mnarani ni ya shirika. Lakini aliache bwawa la peke yake. Achague nyumba ya wageni iliyo ndogo, isiyo na majani ya kunyweshwa kiangazi. Taulo moja limtoshe siku tatu kama limtoshavyo nyumbani kwake. Na aulize, bila ya haya, maji ya pale yatoka wapi. Huenda mtumishi akashangaa kuulizwa. Akishangaa mara ishirini atakwenda kumwuliza bwana wake.

Na atazame mwezi. Likizo ya Agosti ya skuli zetu huangukia ndani ya kiangazi chao, na ile ndefu ya Novemba na Disemba huangukia wakati mvua zao zimekwisha kuanza. Wenye kuweza kuchagua na wachague hiyo ya pili. Tumeambiwa na mzazi mmoja kuwa wakati huo watoto watanyeshewa wakiwa juu ya ngazi. Tumemjibu kuwa wamekwenda huko kulowa.