Kuondoa Udhia Katika Njia ya Pwani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari kwa waja wake, wakala humo kitoweo kibichi, wakatoa humo mapambo, wakapita juu yake kwa vyombo vyao. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Watu wa mwambao wameihifadhi tangu chuoni Hadithi mashuhuri ya kuwa imani ni tanzu sabini na kitu, wa juu kabisa ni tamko la tauhidi, na wa chini kabisa ni kuondoa udhia katika njia. Wengi huipita kwa haraka, wala hawasimami kuuliza udhia huo leo ni kitu gani, na njia hiyo ni ipi. Hudhaniwa kuwa ni mwiba wa kichochoroni tu. Mtu akiusukuma kwa ncha ya kiatu, basi amekwisha kuutimiza utanzu huo. Na ni kweli kwamba mwiba mmoja si kitu kidogo mbele ya Mola, kwani imepokewa na Abu Huraira kuwa mtu mmoja alikuta tawi la miiba njiani, akaliweka kando, na Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa hilo na akamghufiria. Lakini njia za watu wa pwani si vichochoro peke yake. Kijia kitokacho msikitini kwenda dikoni ni njia. Ufuo wapitao wavuvi alfajiri ni njia, na ujia wa mikokoni wapitao wanawake wendao kutafuta pweza ni njia, na mahali wazee wanapokwenda kupunga upepo baada ya Alasiri ni njia pia.

Imamu Ghazali, katika Ihyaa, alipohesabu maovu ya barabarani, hakuona haya kulitaja hata ganda la tikiti litupwalo mahali pa kupita watu, kwa kuwa mguu huweza kuteleza juu yake. Mwanachuoni aliyelikumbuka ganda la tikiti angalisema nini juu ya chupa iliyovunjika ikafukiwa na mchanga, na watoto wa madrasa wanapita miguu mitupu? Angalisema nini juu ya ndoana zilizosahauliwa, na mifuko ya plastiki, na wavu uliokatika ukaachwa mwambani, ambao hauna mwenyewe tena na bado wanasa samaki usiku na mchana, wakafa humo bila ya kuliwa na mtu? Zanzibar iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Kenya ikafuata mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019. Na mwenye kutembea ufuoni hana haja ya kuambiwa kama amri peke yake yatosha.

Na kuna udhia mwingine ambao watu huuonea haya kuutaja, kwa sababu wenye kuufanya ni wenye mali. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, njia ya watu wote haijuzu kufanywa ndani yake jambo liwadhurulo wapitao, awe mfanyaji ni tajiri au maskini. Basi yule ajengaye ukuta mpaka maji ya bamvua yakaupiga, wavuvi wakawa hawana pa kupitia ila kuzunguka kwa mbali na madema yao mabegani, huyo naye ameweka mwiba njiani, na mwiba wake hauondoki kwa ncha ya kiatu. Kumwendea kwa upole, na kumpelekea wazee wa mji, na kuidai njia kwa sheria, ni katika kuondoa udhia.

Ama kazi yenyewe, wako watu waliokwisha kuianza. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, kina mama wamejengewa daraja la mbao lipitalo ndani ya mikoko, na wao ndio waliotunzao, mgeni akapita akaona miti na ndege bila ya kukanyaga miche, na faida ikarudi mjini. Na wenyeji hao wa Gazi na Makongeni, tangu mwaka 2013, wamekuwa wakiilinda mikoko ya hekta 117 na kupanda mingine, na fedha waliyoipata kwa ulinzi huo wameitia katika maji ya kunywa na katika skuli. Mpanda mkoko hupiga magoti topeni, na aghalabu hatauona mti wake ukiwa boriti. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, amemwamrisha mwenye mche mkononi aupande, hata kama Kiyama kinasimama, akiweza kuupanda.

Na Lamu yako maajabu mengine. Kandambili na plastiki zilizookotwa pwani na mijini, kiasi cha tani kumi, mafundi chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda waliziyeyusha wakazifanya mbao, wakaunda kwazo jahazi, na kiwiliwili chake wakakifunika kwa vipande vya kandambili kama 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Unguja. Mtu aweza kucheka kuona chombo cha kandambili. Lakini aliyecheka na ajiulize, kandambili hizo zilikuwa za miguu ya nani?

Hapa pana jambo la kuumiza. Mara nyingi huonekana wageni, wengine si wa dini hii, wameinama ufuoni na magunia wakikusanya taka, na vijana wa mji wamekaa barazani wakiwatazama, na mmoja wao akamaliza kinywaji chake akaitupa chupa pale pale. Mgeni hana lawama katika hilo, na Mungu amlipe kwa alivyo. Lawama ni ya mwenye nyumba aliyekaa kitako akafagiliwa nyumba yake. Kazi hii ni katika faradhi za kutoshelezana: wakiifanya baadhi ya watu, wengine husalimika na dhambi; wakiiacha wote, wote wamekosa. Na mji ambao hana mtu hata mmoja wa kuifanya ila mgeni, una hoja gani?

Tena mambo ya bahari hayaishi ufuoni. Katika Sura ya Aaraf, tangu aya ya 163, Mwenyezi Mungu anasimulia habari za mji uliokuwa kando ya bahari, na wafasiri wengi wamesema ni Ayla, katika bahari ya Kulzumu. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi. Wakajaribiwa: samaki huja siku ile wakielea juu ya maji, na siku nyingine hawaji. Basi wakafanya hila, wakatega Ijumaa na kutoa Jumapili, wakasema hawakuvua Jumamosi. Mji ukagawanyika mafungu matatu. Fungu moja likavua kwa hila. Fungu la pili likakataza. Na fungu la tatu halikuvua wala halikukataza, bali liliwaambia wale wenye kukataza, ya nini kuwawaidhi watu ambao Mungu atawaangamiza? Wakajibu kuwa wanatafuta udhuru mbele ya Mola wao, na kwamba huenda watu wale wakaogopa. Aya zikaeleza kuwa waliookolewa ni wale wenye kukataza. Ama wale walionyamaza, wafasiri wamekhitalifiana juu yao, na khitilafu hiyo peke yake yatosha kumnyima usingizi mtu anyamazaye.

Haisemwi kwamba kufungwa kwa mwamba leo ni sawa na hukumu ya Sabato. Ile ilikuwa amri ya Mungu kwa watu wale. Lakini hila ni ile ile. Katika baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba, wavuvi wenyewe hukaa wakapatana kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu, kwa kuwa pweza hukua upesi, na aliyeachwa miezi michache huwa mzito maradufu. Kisha akatokea mmoja akaenda usiku na taa. Huyo amevunja ahadi ya Waislamu wenzake, na amekula haki ya yule aliyelala njaa kwa kungoja. Na apigaye baruti ni mbaya kuliko huyo, kwani huvunja matumbawe, nyumba ya samaki, asiyeweza kuijenga yeye wala mjukuu wake. Mfano wake ameutoa Mtume, rehema na amani zimshukie, katika Hadithi ya watu wa jahazi: wale wa chini walitaka kutoboa upande wao ili wateke maji bila ya kuwaudhi wa juu, wakiachwa, huangamia wote, na wakizuiwa mikono yao, huokoka wote.

Watu wa Pemba wanao ushahidi mbele ya macho yao. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, hakifiki eneo la kilomita moja ya mraba, na wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi akataka msala wa kusalia, na usipopatikana akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala, kwa kuwa kimeelekea Kibla. Kauli hiyo ni ya wazee, wala si ya Hadithi. Palitokea shauri la kukikodisha kisiwa hicho kwa hoteli, wavuvi wakalipinga, na mwaka 1998 kikawekwa chini ya hifadhi, wavuvi wakiwa na sauti katika ulinzi wake. Na tangu mwaka 1999 mafundisho ya Kurani juu ya kuhifadhi viumbe yakapelekwa misikitini na madrasani, na wako wavuvi waliokuwa wakiidharau kanuni ya serikali, na walipoisikia amana hiyo kwa ulimi wa dini wakaacha baruti. Hilo ni sifa kwa dini, na ni suto kwa masheikh waliokuwa wamekaa kimya kabla yake.

Wako wasemao kuwa kutengeneza vijia vya matembezi ni upuuzi wa watalii na ni lahawi. Jawabu lake ni fupi. Hanzala alipolalamika kuwa moyo wake akiwa nyumbani si kama ulivyo mbele ya Mtume, aliambiwa kuwa kuna saa na saa. Na Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha. Atembeaye pwani akapumzisha roho na kutazama alichokiumba Mola wake, hana makosa maadamu amesitiri uchi, hakuacha Sala, wala hakuenda penye ulevi.

Pingamizi iliyo nzito ni ya maskini. Mvuvi afungiwaye mwamba ana watoto, na tumbo halingoji miezi mitatu. Mwenye kumhubiria subira naye amekula chakula cha mchana, mahubiri yake hayana uzito. Ndiyo maana kujitolea hakuwi kuokota chupa peke yake. Mwenye ngalawa ampe nafasi asiye na ngalawa akavue maji ya mbali. Mwenye duka amkopeshe unga bila ya ziada, kwani ziada ni riba. Na wakati mwamba unapofunguliwa, mjane aliyekuwa akichokoa pweza apewe fungu lake kabla ya wachuuzi hawajafika. Kusaidiana katika wema na ucha Mungu kumeamrishwa katika Sura ya Maida, na huko ndiko kusaidiana. Kijiji kilichofunga mwamba bila ya kuwatazama hawa hakitaumaliza mwezi wa pili.

Na aingiaye kazini aitazame nia yake. Siku hizi watu huokota taka nusu saa na kupigwa picha saa nzima. Picha si haramu kwa ajili hiyo, na huenda ikamvuta mwingine. Lakini ambaye hangeinama lau hakuna wa kumpiga picha, ameinama kwa ajili ya picha. Anayelipwa ujira wa halali kwa kazi hiyo hakosi, naye akinuia kuondoa udhia hupata ujira wake na thawabu zake.

Mara nyingi huulizwa hukumu ya vitu viokotwavyo. Kipande cha kamba na chupa tupu na ubao uliooza, ambavyo dhahiri yake mwenyewe ameviacha wala hatavirudia, aviokotaye hana haja ya kuvitangaza. Ama wavu mzima wenye alama ya mwenyewe, au dema, au kasia, au nanga iliyokatika kamba kwa mawimbi, hiyo ni lukata: avihifadhi, avitangaze dikoni na mlangoni mwa msikiti, si ndani yake, na kitu chenye thamani hutangazwa mwaka mzima kabla ya kukitumia, na mwenyewe akija na kukithibitisha, arudishiwe. Mikono iliyoshika najisi ioshwe kabla ya kushika msahafu, na adhana ikisikika, gunia liwekwe chini mahali ambapo halitamkwaza mtu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.