Mkuki wa Kuazimwa

Wamongolia walipowashinda Waalani wa Kaukasi katika karne ya 13, waliwachukua wengi wao hadi China, wakawafanya walinzi wa Kublai Khan. Mtu wa namna hiyo tumezoea kumwita mamluki, tukadhani tumemaliza kumwelewa.

Tutazame Bonde la Ufa, katika Kenya ya leo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwafilisi Wamaasai, ndui ikafuata. Mwingereza alipotafuta mikuki ya kuongezea bunduki zake, morani walikwenda. Mwaka 1905 waliandamana naye kuwapiga Wanandi, na ujira wao ukawa ng'ombe wa kuteka. Nani alimtumia nani? Afisa alihesabu wasaidizi, morani akahesabu mitamba. Wengine leo humwona msaliti. Amsaliti nani? Kenya haikuwapo, na Mnandi alikuwa mtu wa kuporana naye mifugo tangu enzi za mababu. Kumlaumu morani huyo kwa kukosa uzalendo ni kumdai deni la nchi ambayo haijazaliwa.

Walakini katika biashara hii kalamu ilikuwa ya mmoja. Agosti 1904 Laibon Olonana na wazee wenzake walikubali kuondoka Naivasha, Nakuru na Elmenteita, walowezi wakae kando ya reli. Laikipia ingebaki ya Wamaasai maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo ilidumu miaka 7, kisha wakahamishwa tena. Ole Njogo na Wamaasai wenzake walishtaki, na mwaka 1913 mahakama ikajibu kwamba Wamaasai si raia wa Mfalme, mkataba ule ni wa dola mbili, hakimu hana mamlaka nao. Kwa Mwingereza, kwenye uwanja wa vita walikuwa wetu. Kwenye madai, wageni. Nadhani hapo ndipo ilipo thamani ya askari wa kuazimwa kwa anayemwazima: nguvu zake zinapatikana, na haki ya kudai haimo katika bei. Ukatili wa jambo hili hauhitaji hata chuki, karani mwenye mwandiko mzuri anatosha.

Mwaka 1918 serikali ilitaka morani wa Purko, tawi la Wamaasai, wajiunge na jeshi la King's African Rifles. Ng'ombe wa kugawana hawakuwapo tena, Laikipia nayo ilikwisha kwenda. Walikataa, risasi zikalia huko Ololulung'a, na waliozifyatua walikuwa Waafrika wenzao, wamevaa sare ileile ambayo morani waliikataa.